Nani Asome Daftari la Wakala? Fedha, Silaha na Siri ya Raia wa Mpakani

*Huko Marekani tarakimu nne zimezua ugomvi baina ya wanaotaka kuzuia mauaji na wanaoilinda siri ya mfuko. Karagwe na Kyerwa, ambako bunduki haramu hainunuliwi kwa kadi, swali lilo hilo linaingia kwa njia ya simu.*

Na Mwandishi Wetu Maalumu

NYAISHOZI, KARAGWE: Msimu wa kahawa ukisha kufika, na maganda yakisha kukauka na kupimwa ghalani mwa chama cha msingi, meza ya wakala wa fedha iliyowekwa barazani mwa duka katika senta ya Nyaishozi haikosi mtu tangu asubuhi hadi magharibi; na kila ajaye kutoa fedha, awe mkulima wa Ihembe, mchuuzi wa ndizi au mama aliyetumiwa ada ya mwanawe kutoka Bukoba, hutanguliza simu, hutaja kiasi, hutoa kitambulisho, kisha hutazama kalamu ikimwandika.

Daftari lenyewe ni la shule, lililopigwa mistari kwa rula: tarehe, jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kiasi, saini. Lakini mtu mwenye subira akikaa nalo usiku mmoja aweza kujua nani amevuna na nani amekosa, nani anadaiwa, nani ana ndugu ng'ambo ya Mto Kagera, na nani aliyekuwa hana kitu juzi na leo ametoa milioni mbili taslimu.

Na hilo la karatasi ni dogo mno mbele ya lile lisiloonekana, ambalo kampuni za simu na mabenki huliweka katika mitambo yao, lisiloishiwa na kurasa wala kufifia wino, na ambalo mwenye idhini ya kulifungua hahitaji hata kufika Karagwe ili alisome.

Basi yaulizwa: je, ni halali dola kulipekua daftari la namna hiyo ili imtambue mapema mtu anayekusanya silaha za kuulia watu? Na ikiwa ni halali, nani atoe idhini, kwa sababu gani, na kwa mipaka ipi? Swali hili limekwisha kuigawa Marekani pande mbili, na kwa kuwa vyombo vya malipo vinavyotumika huko vimeanza kutumika na huku, si hekima kungoja hadi litufikie ndipo tuanze kulifikiri.

Tarakimu nne

Kila duka ulimwenguni linalopokea malipo kwa kadi hupewa tarakimu nne zinazoonyesha aina ya biashara yake, hata benki ikajua kwamba fedha hii imelipwa kwa mwoka mikate, hii kwa mfamasia, na hii kwa mwenye hoteli. Kwa miaka mingi maduka ya bunduki ya Marekani hayakuwa na tarakimu zake yenyewe, bali yalichanganywa na wauza vifaa vya michezo na bidhaa nyinginezo.

Mnamo Septemba 2022 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilikubali ombi la Amalgamated Bank ya New York, benki iliyoasisiwa mwaka 1923 na chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo, na likaweka tarakimu 5723 kwa ajili ya maduka ya bunduki na risasi. Visa, Mastercard na American Express zikasema zitazifuata.

Chanzo chake kilikuwa uchunguzi wa mwandishi Andrew Ross Sorkin wa gazeti la The New York Times, ambaye mwishoni mwa mwaka 2018 alionyesha kwamba wauaji kadhaa wa halaiki walikuwa wamenunua silaha zao kwa mkopo wa kadi. Aliyewaua watu 12 katika jumba la sinema la Aurora mwaka 2012 alitumia zaidi ya dola 9,000. Na aliyewaua watu 49 huko Orlando mwaka 2016 alitumia zaidi ya dola 26,000 katika siku 12 zilizotangulia shambulio, kwa kadi ambazo nyingi alikuwa amezifungua karibuni tu.

Waliounga mkono tarakimu hizo walisema neno lililo wazi kwa kila mwenye akaunti. Ikiwa benki ina macho ya kuona kwamba kadi iliyozoea kununua unga mjini kwake leo inanunua vito vya thamani katika nchi ya mbali, ikaizuia papo hapo kwa kudhani imeibwa, basi macho hayo hayo hayashindwi kuona mtu asiyepata kumiliki silaha maishani akinunua ghafla za maelfu ya dola katika majuma mawili.

> Tarakimu 5723 ni faradhi katika jimbo hili na haramu katika jimbo lile, ingawa duka, kadi na bunduki ni vya namna moja.

Wapinzani nao hawakukosa hoja. Walisema kwanza kwamba tarakimu hizo hulitambua duka, wala hazitambui bidhaa: aliyelipa dola 2,000 katika duka la bunduki huenda amenunua bunduki, na huenda amenunua kasha la chuma la kuifungia ile aliyo nayo, au hema, viatu na koti la kuwindia, na benki haijui lipi ni lipi.

Wakasema pili kwamba sheria ya mwaka 1986 imeikataza serikali ya shirikisho kuweka sajili ya taifa ya wenye bunduki, na kwamba daftari la kadi, likikusanywa na kuchambuliwa, litakuwa sajili iliyoingizwa kwa mlango wa nyuma, nayo mikononi mwa kampuni ambazo raia hakuzichagua.

Machi 2023 kampuni za kadi zilisimamisha utekelezaji, zikitaja mgongano wa sheria. California ikatunga sheria mwaka huo ya kulazimisha tarakimu hizo zitumike ifikapo tarehe 1 Mei 2025, Colorado na New York zikafuata mwaka 2024. Ilhali Florida, Texas na majimbo mengine yakapiga marufuku matumizi yake. Hayo ndiyo yaliyoko Marekani. Sasa turejee Karagwe.

Bunduki isiyo na risiti

Mtu akiitwaa 5723 kama ilivyo na kuja nayo Karagwe na Kyerwa, wilaya hizi mbili za Mkoa wa Kagera, hapana duka atakalolibandika. Bunduki iliyowatia watu wa Kagera hofu haikupita dukani, bali ilikuja na vita na kukimbia kwa watu, ikapokewa gizani na kulipwa kwa noti, na aghalabu ikabadilishana mikono bila ya hata noti.

Historia yake yajulikana. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia sehemu ya kaskazini ya mkoa huu, na vita vilivyofuata, vilivyokwisha mwaka 1979, vilipitisha katika ardhi ya Kagera silaha nyingi kuliko zilizopata kuonekana huko kabla. Kisha Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipokuwa yakiendelea Rwanda, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi, wakaingia Ngara. Na wengine wakaendelea kuingia Karagwe, ambako kambi zilifunguliwa.

Wengi mno wa wakimbizi hao walikuwa watu waliodhulumiwa na waliochoka, wasio na lolote ila nafsi zao. Lakini nyuma yao na kati yao walikuwamo askari wa jeshi lililoshindwa na wanamgambo wake, na silaha zao hazikubaki zote mpakani. Wakimbizi waliporejeshwa kwao Desemba 1996, baadhi ya bunduki zilibaki maporini, na katika miaka iliyofuata abiria wa mabasi ya mkoa huu walijifunza kusafiri katika misafara iliyosindikizwa na polisi.

Fauka ya hizo iko gobore, bunduki ya kushindiliwa baruti mdomoni, ifuliwayo na wahunzi wa vijijini, ambayo kwa mkulima anayepakana na mapori yaliyofanywa hifadhi za taifa mwaka 2019, yaani Ibanda-Kyerwa, Rumanyika-Karagwe na Burigi-Chato, ni kinga ya shamba dhidi ya nyani na nguruwe, na kwa askari wa wanyamapori ni chombo cha ujangili. Gobore haina namba ya kiwandani, seuze risiti.

Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali muda wa majuma mawili waondoke na wenye silaha haramu wazisalimishe; na Septemba mwaka huo ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Hapana katika hayo mahali ambapo daftari la benki lingeweza kumwonyesha mpelelezi jambazi amenunua nini.

Sajili iliyopo tayari

Upande wa bunduki halali, hali ya Tanzania ni kinyume kabisa cha ile ya Marekani, na tofauti hii yapasa kuwekwa wazi kabla ya kuazima hoja za watu. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1991, raia hamiliki silaha ila kwa leseni, na ombi lake hupita katika ngazi za serikali na kamati za usalama tangu anakoishi hadi kwa msajili wa silaha katika Jeshi la Polisi.

Kwa hiyo jambo analoliogopa Mmarekani, kwamba dola itajua nani ana bunduki, hapa ni sharti la sheria. Mwaka 2016 wenye silaha walitakiwa kuzipeleka polisi zihakikiwe, na Rais John Magufuli naye akazihakiki zake. Na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania imo, inaziagiza nchi wanachama kuzitia silaha alama ili zifuatwe zitokako na ziendako.

Uganda nayo, ambayo Kyerwa inapakana nayo pale Murongo, ilisikia mwaka 2018 Rais Yoweri Museveni akiagiza kila bunduki nchini ichukuliwe alama zake, ili risasi ikiokotwa ijulikane ilikotoka. Ndiyo kusema serikali za huku zimeamua kuifuata bunduki yenyewe, wala hazikuifuata fedha iliyoinunua. Na kwa silaha za halali njia hiyo yatosha.

Hapo ndipo mtu angeweza kudhani kwamba habari ya 5723 haituhusu. Angekosea, kwa sababu kilichobadilika katika miaka hii si bunduki, ni mfuko.

Mfuko ulioingia katika simu

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na ikafika Tanzania mwaka 2008. Ikafuatwa na Tigo Pesa, Airtel Money na nyinginezo, hata leo mkulima wa Nyaishozi ambaye hajapata kuona kaunta ya benki aweza kupokea malipo, kulipa ada na kununua dawa ya mifugo kwa kubonyeza vitufe.

Mwaka 2019 Serikali iliagiza kila laini ya simu isajiliwe upya kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na baada ya kusogezwa mbele muda huo ukaisha tarehe 20 Januari 2020. Tangu hapo namba ya simu, fedha, jina na kidole vimefungwa pamoja, na kinachofanywa na kimoja huandikwa kwa jina la vyote.

Kisha ikaja lipa namba, na baada yake miraba ya TANQR iliyowekewa kiwango na Benki Kuu ya Tanzania, ambayo mteja huielekezea kamera ya simu akalipa. Mraba huo umejengwa juu ya kiwango cha kimataifa, na katika kiwango hicho kila mfanyabiashara hubeba, miongoni mwa habari zake, tarakimu nne za aina ya biashara: ndizo zile zile za ukoo wa 5723.

> Chombo cha kuyapanga malipo ya raia kwa aina ya duka kimekwisha kuwasili. Kilichobaki ni kuamua nani atakitumia na kwa jambo gani.

Maadamu chombo kipo, hakitabaki kwa bunduki peke yake. Leo kitasoma duka la risasi, kesho duka la pembejeo kwa kuwa baadhi ya mbolea zaweza kugeuzwa baruti, keshokutwa famasi, na mwishowe michango ya chama cha siasa, msikiti au kanisa. Kila hatua itakuwa na sababu yake nzuri.

Hoja ya walinzi wa amani

Wanaotaka fedha ifuatwe wana ushahidi wa karibu, nao hauwezi kupuuzwa na mtu mwenye insafu. Tarehe 15 Januari 2019 magaidi waliivamia hoteli ya DusitD2 mjini Nairobi, wakaua watu 21; na katika uchunguzi uliofuata waendesha mashtaka walimtuhumu wakala mmoja wa M-Pesa kupitisha mamilioni ya shilingi kwa kutumia makumi ya laini za uwakala, na meneja wa tawi la benki akashtakiwa kwa kutotoa taarifa za fedha zilizochukuliwa kwa namna ya kutia shaka.

Mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliwahukumu watu wawili kifungo cha miaka 30 kila mmoja kwa kulisaidia shambulio hilo. Hapa fedha ya simu ilikuwa nyayo iliyowaelekeza wapelelezi, na pasipo daftari la kampuni nyayo hiyo isingalionekana.

Tanzania nayo ina wajibu wa kimataifa. Sheria ya kudhibiti fedha haramu ya mwaka 2006 inayalazimisha mabenki na watoa huduma za fedha kumjua mteja wao na kuupasha habari Kitengo cha Udhibiti wa Fedha Haramu wanapoona muamala wa kutiliwa shaka. Na Oktoba 2022 kikosi kazi cha kimataifa cha FATF kiliiingiza nchi katika orodha ya zinazofuatiliwa kwa udhaifu wa udhibiti huo, wala haikutolewa humo hadi Juni 2025. Mwenye kutuma fedha nje wakati ule aliona jinsi mabenki ya ng'ambo yalivyouliza maswali.

Zaidi ya hayo, wasema, aliyeporwa njiani na aliyefiwa wana haki pia, na haki ya kuishi ndiyo mama wa haki zote, kwa kuwa maiti hana siri ya kulindiwa.

Hoja ya wenye siri

Upande wa pili huanza na Katiba. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano humpa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa nafsi yake, maisha yake ya faragha, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeihesabu miamala ya fedha ya mtu kuwa miongoni mwa taarifa nyeti, pamoja na habari za watoto na za vinasaba. Tume ya kuisimamia sheria hiyo ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024.

Sheria hiyo, hata hivyo, imeacha nafasi kwa usalama wa taifa na upelelezi wa makosa. Na kando yake ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo humruhusu mkuu wa kituo cha polisi kutoa amri ya upekuzi na ya kutolewa taarifa zilizomo katika mitambo, pasipo kwanza kupita kwa hakimu. Anayetaka kusoma na anayeruhusu kusoma huweza kuwa watu wa chombo kimoja.

> Katika ripoti yake ya Juni 2014, kampuni ya Vodafone ilitaja maombi 98,765 ya taarifa za mawasiliano kutoka kwa mamlaka za Tanzania katika mwaka mmoja.

Idadi hiyo ilikuwa ya habari za simu, nani kampigia nani na lini, lakini yaonyesha jinsi kuomba kunavyokuwa kwepesi panapokuwa hapana wa kukataa. Na madhara ya wepesi huo huweza kuwa makubwa. Tarehe 7 Septemba 2017 Tundu Lissu, aliyekuwa mbunge wa upinzani, alipigwa risasi 16 mbele ya makazi yake mjini Dodoma, akaponea chupuchupu.

Septemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza liliandika kwamba katika shauri la kazi lililosikilizwa London mpelelezi wa zamani wa Millicom, iliyokuwa mmiliki wa kampuni ya Tigo wakati huo, alidai kuwa kampuni iliwapa watu wa serikali habari za mahali ilipo simu ya Lissu, usiku na mchana, katika majuma yaliyotangulia shambulio. Ni madai ya shahidi, nayo yachukuliwe kwa kadiri hiyo. Lakini yanatosha kumkumbusha msomaji kwamba daftari lisomwalo ili kumzuia mwenye bunduki laweza pia kusomwa ili kumwonyesha mwenye bunduki njia.

Mtego wa panya

Kwa watu wa Karagwe na Kyerwa hofu hii ina sura yake ya peke yake. Familia nyingi zina jamaa Uganda na Rwanda, biashara ya ndizi, maharage na ng'ombe haikujua mpaka kabla ya mpaka kuchorwa, na uraia wa mwenyeji wa huku huhojiwa kuliko wa mtu wa Dodoma au Pwani. Basi mashine iliyofunzwa kushuku fedha itokayo Kampala au Kigali itawashuku watu wema wa tarafa nzima.

Na maisha ya mkulima wa kahawa hayana mwendo ulio sawa ambao mashine ingeuita wa kawaida. Kwa miezi minane simu yake haipokei kitu, kisha katika majuma machache inajaa na kumwagika: madeni, mabati, ada, mahari, msiba. Mwenye kuuza kahawa ingali maua, kwa ile biashara iitwayo butura ambayo Serikali imeikataza, hupokea fedha kwa nyakati zisizoeleweka. Naye ana kosa lake, lakini si kosa la silaha.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha ukubwa wa jambo. Tuseme eneo lina wenye akaunti za simu 10,000, na kati yao wawili tu wananuia uovu. Na tuseme mashine ni hodari hata ikamkosea mtu mmoja tu katika kila mia. Itawatia shakani watu wapatao mia moja wasio na hatia ili iwapate hao wawili, na hao wawili, wakiwa na akili, watalipa kwa noti.

Ndipo linapokuja lile walilolisema wahenga, kwamba mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Ila mtego huu una aibu ya ziada, kuwa waliomo ndio wajuao njia ya kuukwepa.

Kwamba watu huikimbia simu wanapoona inawadhuru, tumekwisha kuona kwa macho. Julai 2021 Serikali ilipoweka tozo ya hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, wengi walirudi kwenye noti, na Serikali ikalazimika kuipunguza mwaka huo huo na tena mwaka uliofuata. Tozo ilichukua fedha tu; upelelezi ukijulikana kuwa umeenea, utachukua na imani, nayo haipunguzwi na kurudishwa kwa tangazo.

Wala mkoa huu hauhitaji kufundishwa nini hutokea operesheni inapokwenda kwa dhana. Katika Operesheni Kimbunga walalamikaji walisema kwamba watu walioishi nchini miaka mingi, wengine wakiwa na ndoa na watoto wa Kitanzania, waling'olewa na kupelekwa mpakani. Na Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili ilisimamishwa Novemba 2013 baada ya Bunge kuelezwa mateso, vifo na kuporwa mali. Mwezi uliofuata mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao, mmoja wao akiwa Khamis Kagasheki, mbunge wa Bukoba Mjini.

Kosa litangulie, daftari lifuate

Zikiwekwa hoja hizi katika mizani, yaonekana kwamba pande zote mbili zina haki, lakini hazizungumzi juu ya kitendo kimoja. Ushahidi wa Nairobi, ambao ndio wenye nguvu kuliko wote, ni wa daftari lililofunguliwa baada ya damu kumwagika, kwa ajili ya watu waliotajwa na kosa lililojulikana; ilhali linalotakwa na wapenzi wa tarakimu ni kuyasoma madaftari ya watu wote, kila siku, ili kosa litafutwe humo kabla halijatendwa.

La kwanza ni upelelezi, na hapana mtu mwenye adili atakayelipinga. La pili ni kumweka kila raia chini ya tuhuma hadi mashine imsafishe, nalo haliwi halali kwa kuwa lengo lake ni zuri.

Kwa hiyo rai ya makala haya ni kwamba kosa litangulie na daftari lifuate. Afisa anayetaka kuisoma miamala ya mtu aende kwa hakimu, aliyeko Kayanga wilayani Karagwe kama alivyoko Dar es Salaam, aseme ni kosa gani, ni mtu gani na ni kwa muda gani. Apewe amri yenye mwisho. Na mwenye daftari aarifiwe upelelezi ukisha, ili kama alionewa apate pa kulalamikia. Palipo na haraka ya kuokoa roho na asome kwanza, lakini afike kwa hakimu katika saa chache na aeleze.

Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo ingefanya jambo lisilohitaji fedha nyingi: kuzitaka kampuni za simu na mabenki zitangaze kila mwaka idadi ya maombi yaliyopokewa, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa, bila ya kutaja majina. Ikiwa kampuni ya kigeni iliweza kuitoa hesabu hiyo kwa hiari mwaka 2014, kampuni zilizoko chini ya sheria yetu haziwezi kusema haiwezekani.

Benki Kuu kwa upande wake iandike katika kanuni za TANQR kwamba tarakimu za aina ya biashara ni za kuendeshea malipo na kukokotoa ada, na kwamba hazitatumika kumpima mteja tabia pasipo sheria iliyopita Bungeni, ikajadiliwa na wabunge wa mpakani wajuao gharama ya operesheni.

Na ikiwa shabaha ni bunduki, basi fedha na askari wapelekwe bunduki iliko: katika miezi ya kusalimisha silaha kwa hiari, ambayo Serikali imekuwa ikiitangaza miaka ya karibuni, katika leseni nafuu kwa mkulima mwenye gobore ambaye adui yake ni nyani, katika fidia ya mazao isiyochelewa, na katika doria za pori la Kimisi na kingo za Mto Kagera. Katika sehemu hizo hakuna tarakimu nne zitakazofanya kazi badala ya polisi anayejua eneo na raia anayemwamini polisi huyo kiasi cha kumwambia alichokiona.

Imani hiyo ndiyo habari za kijasusi zilizo bora kuliko zote katika nchi ya mpakani, na hupotea siku raia atakapojua kwamba aliyemwambia siri za jirani alikuwa amekwisha kuzisoma zake.